Rejista ya Mwaka 1979

Waswahili wamesema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika miaka yangu ya kufundisha nililiandika neno hilo ubaoni mara nyingi, wanafunzi wakalinakili katika madaftari yao, nami nikaliwekea alama ya vema. Lakini sikupata kujiuliza mkono unaoushika msumeno huo ni wa nani. Wengi wetu hudhani ni mkono wa jaji. Mimi, baada ya kuishi miaka zaidi ya sabini, nasema kwamba mara nyingi ni mkono wa mwalimu mkuu, wa mtendaji wa kata, wa mchungaji, wa sheikh na wa mzee wa baraza. Jaji hunoa meno ya msumeno, lakini wakataji tuko huku vijijini.

Naandika haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukata vibaya.

Mwaka 1971 nilikuwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu Kinampanda, huko Iramba. Mwaka huo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei. Serikali ilikuwa imetoa waraka wa mapendekezo yake tangu mwaka 1969, na nchi nzima ilikuwa imebishana. Sisi nasi tulibishana bwenini usiku, taa ikiwa imekwisha kuzimwa. Kabla ya hapo ndoa za Watanganyika zilikuwa na sheria zake mbalimbali: Wakristo na zao, Waislamu na zao, Wahindu na zao, na wenye kufuata mila na zao. Sasa zote zikaletwa chini ya paa moja. Ndoa iliyofungwa msikitini, kanisani, bomani au kwa mila ilitambuliwa na Serikali, lakini talaka ikawa haimaliziki mpaka shauri lifike mahakamani, baada ya kupita kwenye baraza la usuluhishi. Aidha, sheria ilitamka kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumchapa mwenzake.

Wenzangu Waislamu walilalamika kwamba mambo ya Mungu hayapigiwi kura. Wenzangu Wakristo walilalamika kwamba mitara imepewa heshima ya sheria. Wanyaturu na Wanyiramba wa dini zote mbili walilalamika kuhusu fimbo. Nakumbuka tulicheka sana juu ya jambo hilo la fimbo, na leo naona aibu kwamba tulicheka.

Jambo moja hatukulibishania hata usiku mmoja. Kifungu cha 13 kilisema kwamba mwanamume ataoa akiwa ametimiza miaka 18 na mwanamke ataolewa akiwa ametimiza miaka 15. Kifungu cha 17 kiliongeza kwamba msichana ambaye hajafika miaka 18 aweza kuolewa kwa ridhaa ya baba yake. Hata mahakama ilipewa uwezo wa kuruhusu ndoa ya mwenye miaka 14, kukiwa na sababu maalumu. Wakati ule tuliliona jambo hilo kuwa ni maendeleo, na kwa kweli lilikuwa maendeleo, kwani huko nyuma hapakuwa na mpaka wowote ulioandikwa kwa wote. Sheria ile ilisifiwa mbali kuwa ni miongoni mwa sheria za ndoa zenye kumjali mwanamke katika Afrika. Hakuna aliyeuliza kwa nini mvulana apewe miaka mitatu zaidi ya kukua.

Miaka minane baadaye nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mkoa huu wa Singida. Ilikuwa mwaka 1979, nami nilikuwa na miaka 30. Darasa la saba lilikuwa na msichana mmoja ambaye sitamtaja jina. Alikuwa akifanya hesabu kichwani wakati wavulana bado wanahesabu vidole. Walifanya mtihani, wakarudi majumbani kungoja majibu. Siku zile nafasi za kidato cha kwanza katika shule za Serikali zilikuwa chache mno, na kijiji kiliweza kupita miaka kadhaa bila kupeleka mtoto hata mmoja.

Kabla majibu hayajatoka, baba yake alikuja ofisini. Mavuno ya mtama yalikuwa mabaya, na palikuwa na mtu mwenye ng'ombe. Aliniamkia kwa heshima kubwa ingawa alinizidi umri, akasema, "Mwalimu, wanataka karatasi ya kuonyesha mtoto ana miaka mingapi, ili tusije tukapata matatizo." Nilifungua rejista ya uandikishaji. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa 1964. Nikaandika barua fupi ya mistari minne, nikaipiga muhuri wa shule, nikampa.

Siku mbili baadaye msichana alikuja na mama yake jioni. Mama hakusema kitu, alikaa chini kwenye ngazi ya ofisi. Msichana akaniuliza, "Mwalimu, kwani haiwezekani kungoja majibu?" Nilimjibu kwamba baba yake ametoa ridhaa, umri wake umetimia, na sheria ya nchi inaruhusu. Nilisema kwa upole, kama mtu anayefafanua somo. Waliondoka. Arusi ilifanyika. Majibu yalipofika, jina lake lilikuwamo. Nafasi yake ikapewa mtoto mwingine wa shule nyingine.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba sikuvunja sheria. Ni kweli, sikuivunja. Ningeweza kusema rejista iko wilayani. Ningeweza kwenda kumwomba yule baba angoje wiki chache tu. Sheria haikunikataza kufanya hayo. Ilinipa tu mahali pa kujificha, nami nikaingia.

Mambo ya mahakama nilianza kuyafuatilia baada ya hapo, kwa gazeti na kwa redio, pengine kwa sababu ya dhamira iliyonisumbua. Nikaona kwamba wanawake watatu, ambao hawakujuana, walinifundisha zaidi ya chuo.

Wa kwanza ni Bi Hawa Mohamed wa Dar es Salaam. Aliolewa na Ally Sefu mwaka 1971, mwaka ule ule wa Sheria ya Ndoa, wakaachana kwa amri ya mahakama mwaka 1980. Aliomba sehemu ya nyumba iliyopatikana wakati wa ndoa. Mahakama ya mwanzo ilimwambia kwamba yeye alikuwa mke tu, nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume, basi hana chake. Mahakama Kuu nayo haikumpa kitu. Akafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 Jaji Mkuu Francis Nyalali akaamua swali ambalo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wakilijibu kila mmoja kwa namna yake. Je, kupika, kufua, kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya familia? Mahakama ilisema ndiyo, ni mchango.

Sasa tazama ajabu ya hukumu hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu! Ilionekana kwamba mume alikuwa amempa fedha kwa ajili ya mradi wa familia, fedha zile zikapotea mikononi mwake, kwa hiyo fungu lake likahesabiwa kuwa limekwisha. Alishindwa kesi, akarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini tangu siku ile, mwanamke wa Singida, wa Songea au wa Tanga anayesimama mbele ya hakimu baada ya miaka ishirini ya kuteka maji na kupalilia alizeti hawezi tena kuambiwa kwamba alikuwa mke tu. Nimekaa katika usuluhishi wa majirani mara nyingi, na nimesikia wanaume ambao hawajui hata jina la Bi Hawa wakisema, "Hii mali itagawanywa, mahakama haitakubali." Kumbe hukumu inaweza kumpita aliyeidai, ikawafikia wasioisikia.

Wa pili ni Holaria Pastory wa Muleba, mkoa wa Kagera. Alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipozeeka na kukosa mtu wa kumtunza aliliuza, mwezi Agosti 1988, kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake, Bernardo Ephrahim, alikimbilia mahakama ya mwanzo akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke aweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuliuza. Na mila hiyo haikuwa maneno ya wazee tu, ilikuwa imeandikwa na kutangazwa na Serikali tangu mwaka 1963. Mahakama ya mwanzo ilikubaliana naye. Mahakama ya wilaya ikakataa. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Hapa inafaa nieleze kidogo. Nchi yetu ilipata uhuru bila tamko la haki katika Katiba. Liliingizwa mwaka 1984, lakini mahakama zikazuiwa kulitumia kwa miaka mitatu ili Serikali ipate nafasi ya kurekebisha sheria zake. Muda huo ulikwisha mwezi Machi 1988. Miezi mitano tu baadaye bibi yule akauza shamba lake. Sidhani alikuwa na habari ya Katiba. Alikuwa na njaa na uzee. Lakini Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila inayompa mwanamume uwezo wa kuuza na kumnyima mwanamke inapingana na ibara ya 13 ya Katiba, na kwamba tangu sasa wote wawili watauza kwa masharti yale yale. Mtu wa ukoo akitaka kulikomboa shamba, alipe fedha ile ile.

Nilisimuliwa habari hiyo na mwalimu mwenzangu Mhaya, aliyehamishiwa kwetu. Alikasirika. Alisema mahakama imeuza ukoo. Nilimwuliza, "Huyo mama, ninyi wa ukoo mlikuwa mnampelekea chakula?" Hakunijibu siku ile. Baada ya wiki alikuja nyumbani kwangu akasema kwamba ana shangazi yake huko kwao, naye anafikiri kumpelekea fedha kidogo. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi, zikatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia. Wenye kusema kwamba majaji huropoka na watunga sheria hawasikii, watazame miaka ile tisa.

Lakini nisije nikawafanya majaji kuwa malaika. Mwaka 2005 wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, majirani zetu, walikwenda Mahakama Kuu kupinga mila za urithi zilizowaacha bila nyumba. Mahakama ilikiri kwamba mila zile zinawabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikiogopa kwamba kila mtu angeleta mila yake ifutwe. Wajane wale walisubiri mpaka mwaka 2015, wakapewa haki na kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake. Nimewahi kulifikiri neno la mahakama ile kwamba mila haibadilishwi kwa hukumu. Lina ukweli ndani yake, ila ni ukweli nusu. Mila haibadiliki kwa hukumu peke yake, na haibadiliki upesi pia pale ambapo kila mwenye madaraka anasema si kazi yake. Ndivyo nilivyosema mimi mwaka 1979.

Wa tatu ni Rebeca Gyumi, mwanaharakati aliyeanzisha shirika la Msichana Initiative. Alifungua shauri Mahakama Kuu Dar es Salaam kupinga vifungu vile vile viwili, cha 13 na cha 17. Tarehe 8 Julai 2016 mahakama ilimkubalia, ikaipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria ili umri wa kuoa na kuolewa uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufani. Ilieleza, pamoja na mengine, kwamba sheria ya 1971 iliheshimu mila na dini, na kwamba katika Uislamu msichana aliyebaleghe aweza kuolewa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilitupilia mbali rufani hiyo, ikatoa tena mwaka mmoja.

Niliposikia habari hiyo katika redio nilizima redio, nikatoka nje nikakaa chini ya mti. Mke wangu alidhani nimepata habari ya msiba.

Msomaji aelewe jinsi sheria zetu zilivyokuwa zikigombana zenyewe kwa zenyewe. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilimlinda msichana mpaka miaka 18, isipokuwa kama ni mke wa mtu na ametimiza miaka 15. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilisema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, anayeoa mwanafunzi au kumpa mimba akawekewa kifungo cha miaka 30. Kwa hiyo msichana wa miaka 16 aliyemo darasani alilindwa kwa miaka 30 ya jela, na mwenzake wa umri huo huo aliyemaliza shule wiki iliyopita alilindwa kwa neno la baba yake tu.

Kuhusu dini, nina rafiki sheikh na nina rafiki mchungaji, nao wote wawili ni wazee kama mimi. Sheikh aliniambia kwamba hapendi mahakama imwelekeze nini ni halali. Nilimheshimu, kwani anayeamini kweli hawezi kufurahi kuona jambo la imani yake likipimwa na mtu mwingine. Lakini aliendelea akasema kwamba yeye mwenyewe, kwa miaka mingi, hajafungisha ndoa ya binti ambaye hakumsikia kwa masikio yake akikubali, na kwamba ruhusa si amri. Mchungaji alicheka akasema kwamba kanisani kwake wanatangaza ndoa Jumapili tatu, lakini hakumbuki kuuliza umri hata mara moja. Hivyo nikaona kwamba mabishano yetu juu ya dini na mahakama mara nyingi huwaficha waumini wazuri na wabaya kwa pamoja. Hukumu haikumwondolea sheikh dini yake. Ilimwongezea mchungaji swali la kuuliza.

Sasa nimalizie lile la mwanzo.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 alikuja nyumbani kwangu mwanamume wa makamo. Alinisalimu shikamoo, akakaa. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule ya kata, ana miaka 17, na amepatikana mchumba. Alisema, "Mama amenituma kwako, Mzee. Amesema Mwalimu anajua sheria." Nilimwuliza mama yake ni nani. Akanitajia. Alikuwa mtoto wa yule msichana wa rejista.

Sikuweza kusema kwa muda. Kisha nikamweleza habari ya Mahakama ya Rufani. Alikuwa mtu mwerevu, akauliza, "Bunge limekwisha kuibadili sheria?" Nikasema bado. Mwaka uliotolewa na mahakama ulikuwa umekwisha Oktoba 2020, na vifungu vile havijaguswa. Akasema, "Basi kitabuni imo." Nikamjibu, "Kitabuni imo. Lakini mahakama kubwa kuliko zote nchini imesema ni kinyume cha Katiba. Mimi sitakuandikia barua, wala sitakuambia kwamba inaruhusiwa. Niliwahi kusema hivyo mara moja, nikamwambia mama yako." Alinitazama. Sijui kama mama yake aliwahi kumsimulia. Niliongeza kwamba majibu ya mtihani hayajatoka, angoje majibu tu. Ndilo ombi ambalo mama yake aliniletea mimi miaka zaidi ya arobaini iliyopita.

Alingoja. Binti hakuchaguliwa kidato cha tano, alama hazikutosha. Alikwenda chuo cha ufundi kujifunza ushonaji, na siku hizi anashona sare za shule mjini Singida. Si kisa cha kutangazwa redioni. Mchumba alioa kwingine.

Bibi yake nilikutana naye baadaye mnadani. Nilitaka kumwomba radhi, maneno nilikuwa nimeyapanga. Aliniamkia, nikaitikia, tukaulizana habari za mvua. Kabla hatujaachana alisema, "Nilimtuma kwako makusudi, Mwalimu. Nilitaka nione utasema nini safari hii." Kisha akajitwisha kapu lake la vitunguu akaenda.

Ninyi walimu vijana mtakaosoma kurasa hizi, siku moja mtaletewa swali ofisini jioni, na jibu rahisi litakuwamo katika sheria, au katika dini, au katika mila. Kabla hamjalitumia, tazameni ni nani aliyekaa kwenye ngazi nje.